Kupima kasi ya upolimishaji wa epoksidi kwa BF3: anza kwa kuhesabu maji

Mwanafunzi anaponiletea mchoro wa kasi ya upolimishaji wa epoksidi, yaani kuziunganisha molekuli ndogo kuwa mnyororo mrefu, mstari wake siutazami kwanza. Namuuliza maji yalikuwa kiasi gani ndani ya flaski. Akiniambia "kidogo tu", namrudishia karatasi.

Mimi ni mtu wa maabara, Dar es Salaam. Wanafunzi wa uzamili wa kemia ya polima hupita mikononi mwangu wakitafuta namba ambazo mtu mwingine anaweza kuzirudia akazipata. Mji wetu uko kando ya bahari, na kioo chochote chenye ubaridi hutoka jasho kabla hujamaliza kuandika tarehe kwenye daftari. Kwa hiyo msinishangae nikizungumzia maji kuliko kichocheo. Kwa asidi za Lewis, yaani vichocheo vinavyopokea jozi ya elektroni kama BF3 (boroni trifloridi), hayo mambo mawili hayatenganishiki.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotokea. Epoksidi ni pete ya atomi tatu, kaboni mbili na oksijeni moja, iliyokunjwa kwa nguvu kama mtego uliotegwa. Oksidi ya ethilini hubeba mkazo wa takriban kJ 114 kwa moli, na mkazo huo ndio unaoisukuma pete ifunguke na isirudi. BF3 ina nafasi tupu ya elektroni, hivyo hukimbilia oksijeni yoyote iliyo karibu. Ikikutana na maji huzaa protoni:

BF3 + H2O ⇌ H⁺ [BF3OH]⁻

Protoni hiyo hukaa kwenye oksijeni ya epoksidi. Molekuli nyingine ya epoksidi huja kwa nyuma na kuifungua pete, nasi tunapata ioni ya oksoniamu, yaani oksijeni yenye vifungo vitatu na chaji chanya. Epoksidi nyingine huishambulia ioni hiyo, kisha nyingine, na mnyororo unakua. Kwa hiyo kasi unayoipima inategemea idadi ya ioni hizo zilizo hai. Idadi ya BF3 uliyomimina ni jambo lingine. Mara nyingi sana maji ndiyo yanayoamua ni BF3 ngapi zitapata kazi.

Kazi za mwanzo za kasi ya namna hii zimeshazeeka. Wanakemia Worsfold na Eastham walichapisha vipimo vyao vya oksidi ya ethilini kwa SnCl4 (asidi nyingine ya Lewis) na kwa BF3 mwaka 1957. Sisi hatutaanza na oksidi ya ethilini kwa sababu huchemka nyuzi 10.7 na ni gesi ya hatari. Epiklorohidrini, epoksidi nyingine, nayo naiweka kando. Mvuke wake ni sumu, na minyororo yake hupenda kujigeuka na kujikata kuwa pete ndogo, jambo linaloharibu hesabu. Monoma, yaani molekuli ndogo inayojenga mnyororo, ninayoipendekeza kwa anayejifunza ni oksidi ya saiklohekseni. Huchemka karibu nyuzi 130, na pete yake ya pili huufanya mnyororo uwe mgumu kujikunja na kujikata. Lakini nayo haitaki mzaha: inashika moto, inadhuru ngozi, na ina haraka.

Haraka hiyo ndiyo sababu ya kanuni ambayo siibadilishi kwa mtu yeyote: kichocheo hakimiminwi kamwe kwenye monoma isiyoyeyushwa. Fanya hesabu mwenyewe. Epoksidi za kawaida hutoa joto la karibu kJ 95 kwa kila moli inayogeuka. Ukiwa na mol 1 kwenye lita ya dikloromethani, na joto lote likabaki ndani, halijoto itapanda nyuzi 60 hivi. Dikloromethani huchemka nyuzi 40. Sasa fikiria monoma tupu, bila kiyeyushi cha kubeba joto hilo. Ndiyo maana tunafanya kazi kwa mol 0.5 kwa lita, ndani ya barafu, tena ndani ya kabati la moshi. BF3 etherati, yaani BF3 iliyofungwa na etha iwe kimiminika, ikigusa unyevu hutoa mvuke wenye floridi unaounguza, kwa hiyo jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mezani kabla ya kufungua chupa, si stoo. Na msiamini glavu za kawaida. Dikloromethani hupenya haraka. Ikimwagikia glavu, vua, tupa, vaa nyingine.

Tuje kwenye kiyeyushi, maana hapo ndipo hesabu nyingi hufia.

Soma lebo ya chupa ya dikloromethani. Tafuta neno la kiimarishi, yaani kitu kinachowekwa ili kiyeyushi kisiharibike chupani. Chupa nyingine huwekewa amileni, nyingine ethanoli. Ethanoli ya asilimia 0.1 tu kwa uzito ni karibu mmol 29 kwa lita. Kichocheo chetu kitakuwa mmol 2.5 kwa lita. Maana yake una alkoholi zaidi ya mara kumi ya kichocheo kabla hujaanza, na kila molekuli ya alkoholi inaweza kukata mnyororo na kuanzisha mwingine. Kama chupa yako ni ya ethanoli, ioshe kwa maji mara kadhaa kwenye faneli ya kutenganishia, kausha kwa kalsiamu kloridi, kisha ikeneke juu ya kalsiamu haidridi. Ndiyo, unaiosha kwa maji ili upate kuikausha. Maji yanaondoka vizuri kuliko ethanoli. Sodiamu usiikaribishe hata kidogo. Sodiamu na viyeyushi vyenye klorini hulipuka.

Baada ya kukeneka, ihifadhi juu ya shanga za zeolaiti za 3A, zinazonyonya maji, zilizopashwa nyuzi 300 usiku mzima na kupozwa bila kuona hewa. Iache siku mbili au tatu. Shanga zenyewe zisiingie kwenye mmenyuko, wala vumbi lake.

Sasa hesabu ya maji. Dikloromethani ina gramu 1.33 kwa mililita. Ikiwa na maji ppm 100 (sehemu 100 kwa milioni) kwa uzito, hiyo ni gramu 0.133 kwa lita, sawa na mmol 7.4. Mara tatu ya kichocheo chetu! Na mtu hukuambia "ppm 100, kavu kabisa". Hata ppm 10, ambayo ni kazi nzuri kwa maabara nyingi, bado ni mmol 0.74 kwa lita, karibu theluthi ya kichocheo. Hakuna siku utakayofanya kazi bila maji. Unachoweza ni kujua yako kiasi gani na kuyafanya yawe yale yale kila mara.

Mwenye mashine ya Karl Fischer, ile ya kupimia maji, apime dikloromethani yake asubuhi ya siku ya kazi, si wiki iliyopita. Asiye nayo asikate tamaa, nina njia nyingine nitaieleza mbele, na kusema kweli naipenda zaidi kuliko mashine.

Monoma ikeneke juu ya kalsiamu haidridi siku hiyo hiyo. Ni mililita mbili na nusu tu, lakini ikiwa na maji ppm 500 itakuongezea mmol 1.4 kwa lita kwenye flaski. BF3 etherati nayo ikeneke kwa shinikizo dogo juu ya kalsiamu haidridi. Iliyo safi haina rangi. Ile ya kahawia iliyokaa kabatini tangu enzi za mwalimu aliyestaafu itumieni kwa kazi nyingine. Tengeneza akiba ya mol 0.05 kwa lita: mililita 0.62 za etherati ndani ya mililita 100 za dikloromethani kavu. Akiba hiyo ni ya siku moja.

Vyombo vyote vya kioo vilale kwenye oveni nyuzi 120 usiku kucha, viunganishwe vikiwa vya moto, gesi kavu ikipita ndani. Naitrojeni safi ikikosekana, agoni wanayotumia mafundi wa kuchomelea aluminiamu inafaa, mradi uipitishe kwanza kwenye mrija mrefu wa zeolaiti. Sirinji ziwe za kioo. Zile za plastiki mpira wake hufura ndani ya dikloromethani na kukwama katikati ya kazi, wakati saa inakwenda.

Barafu ninanunua ya vipande vikubwa, ile ile wanayohifadhia samaki, naiponda na kuichanganya na maji safi mpaka iwe uji. Bafu la barafu na maji hukaa nyuzi 0 lenyewe, umeme uwepo usiwepo. Nimeona mashine za kupozea za bei kubwa zikizimwa na mgao katikati ya kipimo. Barafu haijui mgao. Chumvi usiweke kwa ajili ya kipimo cha kasi. Halijoto itashuka kweli, lakini itakuwa inatembea kadiri barafu inavyoyeyuka.

Kwenye flaski ya shingo tatu ya mililita 100 weka mililita 44.5 za dikloromethani, mililita 2.53 za oksidi ya saiklohekseni na mililita 0.5 za dekani. Dekani haifanyi chochote, na ndiyo sababu tunaitaka: itakuwa kipimo cha ndani kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha vitu vya sampuli na kuonyesha kila kimoja kama kilele. Shingo moja ni ya gesi, ya pili ina kizibo cha mpira, ya tatu ina kipimajoto kinachozama kwenye kimiminika chenyewe. Halijoto ya bafu sitaki kuiona kwenye daftari lako. Nataka ya ndani. Koroga dakika 20, kisha chukua sampuli ya kwanza kabla ya kichocheo. Hiyo ndiyo sifuri yako.

Ongeza mililita 2.5 za akiba ya kichocheo iliyopozwa, kwa msukumo mmoja, na uanze saa. Jumla ni mililita 50, monoma mol 0.5 kwa lita, kichocheo mmol 2.5 kwa lita. Anayetaka usahihi zaidi akumbuke kwamba dikloromethani iliyopimwa chumbani husinyaa karibu asilimia 3 ikifika nyuzi 0, kwa hiyo ukolezi halisi ni mkubwa kidogo. Tazama kipimajoto. Kikipanda zaidi ya nyuzi 1, acha kipimo hicho, punguza kichocheo kwa nusu na uanze upya, maana mstari utakaoupata utakuwa umechanganya kasi na joto, na hakuna hesabu ya baadaye itakayovitenganisha.

Mara ya kwanza fanya kipimo cha kuonja tu, sampuli chache, ujue nusu ya monoma inaisha kwa muda gani. Rekebisha kichocheo mpaka nusu hiyo iangukie kati ya dakika 10 na 40. Haraka kuliko hapo, mkono wa binadamu hauwezi kuchukua sampuli kwa uaminifu.

Sampuli: mililita 0.5 kwa sirinji kavu iliyosafishwa kwa agoni, moja kwa moja kwenye kichupa chenye mililita 1 ya dikloromethani baridi iliyotiwa triethilamini asilimia 2. Amini hukamata BF3 na protoni, mmenyuko unasimama pale pale. Muda unaoandika ni ule ambao tone limegusa amini, sio ule wa sindano kuingia. Nafasi za muda ziongezeke: dakika 1, 2, 4, 7, 12, 20, 35, 60.

Na kabla ya kila sindano, futa kizibo cha mpira kwa kitambaa kikavu. Shingo ya flaski iliyoko barafuni inalowa kwa jasho la hewa, na sindano ikipita kwenye tone hilo inalisukuma ndani. Mikrolita moja ya maji ndani ya mililita 50 ni zaidi ya mmol 1 kwa lita. Umebadilisha kipimo chako katikati ya safari.

Kuna wanaosimamisha mmenyuko kwa methanoli tupu kwa sababu wamezoea kufanya hivyo kwenye polima nyingine. Kwa epoksidi ni kosa. BF3 ikiwa bado hai, methanoli nayo huifungua pete, na kifaa kitakuonyesha monoma imepungua wakati haikuwa polima. Amini kwanza. Methanoli baadaye, ya kuishusha polima iwe mashapo ili isiende kuziba mdomo wa kromatografia. Kimiminika cha juu ndicho unachokiingiza. Vichupa vilivyosimamishwa hivi vinaweza kungoja kwenye friji mpaka umeme urudi au zamu yako ya mashine ifike.

Gawanya eneo la kilele cha monoma kwa eneo la kilele cha dekani, kisha linganisha na sampuli ya sifuri. Huhitaji zaidi ya hapo kupata sehemu ya monoma iliyobaki. Lakini angalia pia vilele vipya. Asidi za Lewis zinaweza kuigeuza epoksidi kuwa aldehidi au ketoni badala ya polima. Kwa hiyo mwisho wa kila kipimo pima uzito wa polima iliyokaushwa na uulinganishe na monoma iliyopotea. Vikiachana sana, unapima mimenyuko miwili kwa jina moja.

Sasa mchoro. Kama idadi ya ioni hai haibadiliki, basi

ln([M]0/[M]) = kₚ [P*] t

ambapo [M]0 ni ukolezi wa monoma mwanzoni, [M] ni ule uliobaki kwa muda t, kₚ ni kigezo cha kasi ya ukuaji wa mnyororo, [P*] ni ukolezi wa ioni hai, na kₚ[P*] pamoja ni kile tunachokiita k ya mchoro. Tuchukue namba za kujifunzia. Monoma inashuka 0.500, 0.370, 0.274, 0.203 kwa dakika 0, 10, 20, 30. Logarithimu zake ni 0, 0.30, 0.60, 0.90. Mstari mnyoofu, k ya mchoro 0.030 kwa dakika, nusu ya monoma huisha kila dakika 23.

Mwanafunzi wangu hufurahi hapa, anagawanya kwa ukolezi wa BF3 na kuandika kₚ = 0.20 L mol⁻¹ s⁻¹. Namwambia agawanye tena, mara hii kwa maji, yaani mmol 0.74. Anapata 0.68. Zaidi ya mara tatu, kutoka mchoro uleule, kwa sababu tu ya kukisia ni nani anayefanya kazi. Ipi ni sahihi? Mchoro mmoja hauwezi kukujibu. Kwa hiyo ripoti k ya mchoro pamoja na maji na kichocheo, na kₚ iache mpaka uwe umehesabu ioni zenyewe. Zipo njia: Saegusa na wenzake Kyoto walizifunga ioni kwa fenoksidi ya sodiamu na kuzihesabu kwa mwanga wa urujuanimno, kundi la Penczek kule Łódź, Poland, lilizinasa kwa fosfini na kuzisoma kwa NMR ya fosforasi, mashine inayosoma viini vya atomi kwa sumaku. Ukiwa na mashine hiyo, fanya. Sisi wengine tuna njia ya maji.

Njia yenyewe ni hii. Pima miligramu 90 za maji ndani ya mililita 100 za dikloromethani kavu, tikisa mpaka iwe angavu kabisa. Hiyo ni mmol 50 kwa lita. Mililita 1 yake ukiitoa badala ya mililita 1 ya kiyeyushi kwenye flaski, umeongeza mmol 1.0 kwa lita, bila tone la maji kuganda ukutani. Rudia kipimo kizima ukiwa umeongeza 0, kisha 0.5, kisha 1.0. Tuseme k ya mchoro inatoka 0.030, 0.050, 0.070. Chora k dhidi ya maji uliyoongeza, kisha urefushe mstari upande wa kushoto mpaka k iwe sifuri. Unakata mhimili kwenye −0.75. Maana yake flaski yako tayari ilikuwa na maji ya mmol 0.75 kwa lita, ya kiyeyushi, ya monoma, ya ukuta wa kioo na ya jasho la kizibo kwa pamoja. Karl Fischer ingekuonyesha ya kiyeyushi peke yake.

Sharti ni kwamba jumla ya maji ibaki chini ya kichocheo. Ukizidisha, mstari unajikunja na baadaye kasi inashuka, kwa sababu maji ya ziada yanakuwa besi inayoshikilia protoni na pia yanaikata minyororo. Mstari usipokuwa mnyoofu katika sehemu ya mwanzo, usiurefushe kwa lazima.

Na utajuaje kwamba kasi yote inatoka kwa protoni za maji, sio BF3 yenyewe? Kuna besi moja nzuri sana kwa jaribio hili, 2,6-di-tert-butilpiridini. Mkemia H. C. Brown alionyesha miaka ya 1950 kwamba inakamata protoni lakini haiwezi kushikana na BF3, maana vikundi viwili vikubwa vimeizingira naitrojeni yake na protoni peke yake ndiyo hupenya. Weka kiasi kinachozidi maji yako na urudie kipimo. Mmenyuko ukisimama, ulikuwa unaendeshwa na protoni. Ukiendelea polepole, hiyo kasi iliyobaki ndiyo ya BF3 pasipo protoni, na ule mstari wa maji inabidi uurekebishe kabla ya kuurefusha.

Hapa ndipo oda ya kichocheo, yaani jinsi kasi inavyofuata ukolezi wake, inapoeleweka, na ndipo watu hugombana bure. Badilisha BF3, mmol 1, 2.5, 5 kwa lita, maji yakiwa yaleyale. Chora logarithimu ya k dhidi ya logarithimu ya kichocheo. Maji yakiwa mengi kuliko kichocheo, kila BF3 inayoongezeka inapata maji ya kuzalia protoni, mteremko unakaribia 1. Maji yakiwa machache, BF3 ya ziada inakaa bila kazi, mteremko unalala kuelekea sifuri. Watu wawili waaminifu, kichocheo kimoja, monoma moja, mmoja anaripoti oda ya kwanza na mwingine karibu na sifuri. Wote wamepima vizuri. Tofauti ilikuwa kwenye chupa ya kiyeyushi.

Kuhusu umbo la mchoro wa kwanza nitasema machache. Ukianza kwa kulala kisha ukapanda, uanzishaji ni wa polepole kuliko ukuaji. Usitumie dakika za mwanzo kupata k. Ukianza vizuri kisha ukainama chini, ioni zinakufa njiani. Kwa BF3 hilo si ajabu, kwa kuwa anioni yake inaweza kuipa ioni ya oksoniamu floridi yake na kuifunga. Wala usijifariji kwa R², kipimo cha jinsi nukta zinavyoufuata mstari, ya 0.98. Mstari uliopinda unaweza kuipata namba hiyo bila shida. Chora mabaki, yaani tofauti ya kila nukta na mstari. Yakifanya upinde, mmenyuko wako sio wa oda ya kwanza mpaka mwisho.

Halijoto: nyuzi 0, 10 na 20 zinatosha kwa mchoro wa Arrhenius (wa kasi dhidi ya halijoto, unaotoa nishati ya uamshaji) wa kuanzia, mradi maji yawe yaleyale kote. Na kwa kuwa k ya mchoro ndani yake ina [P*], nishati utakayoipata ni ya jumla. Imebeba pia mabadiliko ya idadi ya ioni. Iite hivyo kwenye ripoti.

Wengi wanaokuja kwangu hawataki oksidi ya saiklohekseni hata kidogo. Wana mafuta ya ganda la korosho, wameitoa kadanoli, wameiwekea kikundi cha epoksidi na wanataka kasi yake kesho. Naelewa, korosho ni yetu. Lakini kadanoli ni fenoli, na ile ambayo haikugeuka bado ina OH. OH hizo zinafanya kazi ileile ya maji, tena zaidi: zikiwa nyingi, mnyororo unaacha kukua kwa ioni iliyo mwishoni mwake na badala yake OH ndiyo inayoishambulia monoma iliyobeba protoni. Penczek na Kubisa waliieleza njia hiyo miaka ya 1980. Kasi yake inafuata ukolezi wa OH, na hesabu ya ln([M]0/[M]) niliyoandika juu haitoshi bila kuutaja. Kwa hiyo pima OH za sampuli kwanza, kwa asetilesheni na kupima asidi iliyobaki, uziandike kwa mmol kwa lita kando ya maji. Kisha anza na monoma mol 0.1 kwa lita, nyuzi 0, kichocheo mmol 1, uone kipimajoto kinasema nini.

Ukimaliza, kilichobaki kwenye flaski kisimamishwe kwa triethilamini kabla ya kuondolewa barafuni, kiende kwenye chupa ya taka zenye klorini, na kioo kioshwe kwa sodiamu baikaboneti siku hiyo hiyo. Floridi ikilala humo usiku inakwangua kioo, na flaski iliyokwanguliwa hushika maji ambayo oveni itapata shida kuyatoa.